Kuzunguka Kisiwa cha Arran kwa Baiskeli: Mwongozo wa Anayeanza

Swali la kwanza huwa ni baiskeli gani. La pili, vilima vikoje. La tatu watu huliuliza kwa sauti ya chini: nikiishiwa nguvu katikati ya njia, nitarudije? Kila ukifika mwezi wa nne maswali haya yanaanza upya, na wanaouliza wengi ni ndugu zetu wanaoishi Glasgow, Leicester au London ambao mara ya mwisho kupanda baiskeli walikuwa wanatumwa mafuta ya taa dukani. Nimejibu mmoja mmoja kwa simu hadi nimechoka. Haya hapa majibu yote pamoja.

Arran iko kwenye Ghuba ya Clyde, magharibi mwa Uskoti, na kutoka Glasgow unaweza kuifikia kwa treni na meli ndani ya asubuhi moja. Wakazi wake hawafiki 5,000. Barabara kuu, A841, inakizunguka kisiwa karibu chote kwa umbali wa kilomita 90 hivi, kwa hiyo kupotea ni kazi. Kaskazini ni milima ya mawe matupu, kilele cha Goat Fell kikiwa na mita 874. Kusini ni mashamba na vilima vya kupanda na kushuka. Upande wa mashariki, karibu na bandari ya Brodick, kuna magari kiasi. Upande wa magharibi unaweza kwenda muda mrefu ukisikia mawimbi, kondoo na cheni yako tu.

Jambo moja kabla ya yote. Watu hudhani Arran inataka miguu ya chuma. Niliowaona wakishindwa wengi walikuwa na nguvu zao; walichoshindwa nacho ni saa. Walianza wamechelewa, wakaelekea upande usiofaa, na hawakujua pa kukatishia njia. Mengi utakayosoma hapa yanahusu mambo hayo matatu.

(Saa nilizotaja humu ni za Kiswahili. Ratiba ya meli imeandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 09:00 ni saa tatu asubuhi. Usicheke, kuna mtu alikosa meli kwa ajili hiyo, na ni mimi.)

Unachohitaji kabla ya kuondoka

Baiskeli yenye gia nyepesi. Hii ndiyo sharti, mengine ni mapambo. Tazama meno: gurudumu dogo kabisa la meno pale kwenye pedeli lilingane au likaribiane na kubwa kabisa la nyuma. Baiskeli ya mashindano yenye tairi nyembamba itakutesa, maana lami ya Arran ina mashimo mengi. Tairi la milimita 35 au pana zaidi ni zuri. Baiskeli ya milimani inafaa, ila badilisha zile tairi zenye meno makubwa. Aliyekulia kwenye Phoenix ya gia moja atasema hivyo vyote ni udhaifu. Mwache aseme, mkutane juu ya kilima.

Breki zinazoshika kwelikweli. Zijaribu zikiwa zimelowa.

Vifaa vya pancha: tyubu mbili mpya za saizi ya tairi lako, viraka na solusheni, vibao vitatu vya plastiki vya kutolea tairi, na pampu inayoingia kwenye valvu yako. Valvu za huku mara nyingi ni za aina mbili, nene kama ya gari na nyembamba yenye kinati kichwani, na pampu ya moja mara nyingi haikubali nyingine. Hakikisha nyumbani.

Taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Usiku ni sheria, na hata mchana wa ukungu ziwashe. Kofia ngumu hailazimishwi na sheria, lakini mimi sitoki bila yangu.

Nguo: koti la mvua, glovu, sweta jepesi la sufu, na soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki. Acha jinzi nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito kama gunia la mkaa na haikauki siku hiyo.

Mizigo ikae kwenye keria, ndani ya mifuko ya pembeni. Begi la mgongoni litakuumiza mabega kabla hujafika Lamlash, kijiji cha kwanza ukitoka Brodick.

Chakula: chapati zilizokunjiwa mayai, ndizi, karanga, na chupa mbili za maji. Maji ya bomba yananyweka kila mahali. Mimi hubeba pia chupa ya chai ya tangawizi, na sijawahi kuijutia.

Pesa taslimu kidogo na kadi. Simu yenye ramani uliyoipakua kabla, kwa sababu mtandao hupotea hasa magharibi na kaskazini.

Hatua kwa hatua

1. Jipime kwanza kwenye kisiwa kidogo.
Usiifanye Arran kuwa safari yako ya kwanza. Panda treni hadi Largs, vuka kwa meli ya dakika kumi hivi uingie Great Cumbrae, kisha uzunguke. Ni kilomita 16, karibu tambarare yote, na mji wa Millport una mahali pa kukodi baiskeli na pa kula samaki na chipsi. Ukimaliza duru moja bila maumivu, zunguka tena. Mzunguko wa pili ndio utakaokueleza kama kiti kimewekwa sawa: goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Ukikaa, kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke.

2. Chagua mwezi.
Mei ndiyo chaguo langu, halafu mwanzo wa Septemba. Juni mwanga unabaki karibu mpaka saa nne usiku, jambo zuri, lakini usubi nao umeshaamka. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, sahau.

3. Panga siku mbili, usipange moja.
Wapo wanaozunguka kisiwa chote kwa siku moja, tena kwa saa nne. Wewe si mmoja wao, bado. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kilomita 90 ni saa sita za kukanyaga pedeli tu, hujala, hujapiga picha, hujakaa kumtazama sili juu ya jiwe. Siku ya kwanza nenda Brodick hadi kijiji cha Blackwaterfoot kwa kupitia kusini, kama kilomita 38 zenye vilima vingi. Siku ya pili malizia kama kilomita 52, nyingi zikiwa tambarare. Weka nafasi ya kulala mapema, kwa sababu vitanda ni vichache na Julai na Agosti huisha kabisa. Mwenye hema ana uhuru zaidi: sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inaruhusu kulala porini, mradi ukae mbali na nyumba za watu, usiharibu kitu na uondoke na takataka zako.

4. Fika bandarini nusu saa kabla.
Meli za CalMac ndizo zinazokwenda Brodick. Kabla hujakata tiketi ya treni, tazama meli ya siku hiyo inaondokea bandari ipi, Ardrossan au Troon. Meli mpya, Glen Sannox, iliyoanza kazi Januari 2025, hutumia Troon, na huko kuvuka ni zaidi ya saa moja. Baiskeli haitozwi nauli melini wala kwenye treni za ScotRail, ila nafasi za baiskeli ndani ya treni ni chache. Treni ya asubuhi ya Jumamosi yenye jua hujaa.

Melini utaingilia pamoja na magari. Shuka, sukuma kwa mkono. Ile njia ya chuma ikilowa inateleza kama ngozi ya kambare. Mfanyakazi atakuonyesha pa kuifunga baiskeli. Ifunge vizuri, toa mkoba wenye simu na pesa, ndipo upande juu.

5. Ukishuka Brodick, geuka kushoto.
Yaani zunguka kama mshale wa saa, kusini kwanza. Sababu zangu ni tatu. Upepo wa huku mara nyingi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo ule ufuko mrefu wa magharibi utaupanda kuelekea kaskazini ukisukumwa mgongoni. Pili, Uingereza wanaendesha kushoto, na ukizunguka hivi bahari inakuwa upande wako, hakuna gari kati yako na mandhari. Tatu, vilima vya kusini unakutana navyo miguu ikiwa mipya. Mara yangu ya kwanza nilikwenda kinyume. Nilifika magharibi saa nane mchana, upepo usoni, na kilomita kumi zikanichukua zaidi ya saa nzima. Nilitukana upepo kwa Kiswahili safi, haukujali.

Kwa anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda, kushoto ni nyumbani. Aliyezoea barabara za Goma, Bujumbura, Kigali au Muscat awe macho, hasa anapotoka kula na barabara haina gari la kumkumbusha. Hapo ndipo watu hujikuta upande wa kulia.

6. Brodick hadi Whiting Bay: usijimalize.
Kilima cha kwanza kinaanza ukitoka tu Brodick. Weka gia nyepesi kabla ya mwinuko, usingoje pedeli zigome. Ukishuka Lamlash, tazama kisiwa kilicho mbele ya ghuba: ni Holy Isle, na tangu 1992 kiko mikononi mwa jumuiya ya Wabudha. Lamlash kuna duka la kujaza ulichosahau, na hospitali ndogo ya kisiwa iko hapo pia, ujue tu. Whiting Bay ni kilomita kama 13 tangu uanze. Kula kitu hapa hata kama huna njaa.

7. Kusini: hapa ndipo penye kazi.
Kutoka Whiting Bay barabara inapanda, inashuka, inapanda. Lagg imejificha ndani ya bonde la miti. Unashuka kwa raha, kisha unalipia. Kushuka baiskeli na kusukuma si aibu, na huenda ukapata muda wa kuona Ailsa Craig, jiwe kubwa lililosimama peke yake baharini. Matale yake ndiyo huchongwa yale mawe ya mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, wanaouona kwenye Olimpiki ya baridi wanaujua. Karibu zaidi ni Pladda, kisiwa kidogo chenye mnara wa taa.

Ukifika Blackwaterfoot na bado ni mapema, usishawishike kuongeza kilomita. Lala.

8. Amua asubuhi: mbele, au String?
Kutoka Blackwaterfoot kuna barabara inayokata kisiwa katikati hadi Brodick, B880, wenyewe wanaiita String. Ni kama kilomita 16. Inapanda zaidi ya mita 200, kisha inaporomoka hadi Brodick. Huu ndio mlango wako wa dharura. Goti likiuma, utabiri ukitaja dhoruba, au cheni ikilia vibaya, pita hapa. Utakuwa umefanya nusu ya kusini, kama kilomita 55 kwa jumla. Kilomita chache mbele, pale Machrie, kuna barabara ndogo inayoingia String; ukishaipita hiyo, njia fupi nyingine haipo: ni kuzunguka Lochranza huko kaskazini au kurudi ulikotoka.

9. Magharibi: tembea polepole makusudi.
Kilomita chache baada ya Blackwaterfoot kuna kibao cha Machrie Moor. Funga baiskeli, tembea kwa miguu kama kilomita mbili ndani ya uwanda. Kuna duara kadhaa za mawe yaliyosimamishwa na watu maelfu ya miaka iliyopita, jingine lina urefu unaozidi mita tano. Hakuna kiingilio, hakuna mtu wa kukueleza kitu. Nilikaa pale dakika arobaini peke yangu, na mpaka leo ndipo mahali ninapopakumbuka kuliko kote kisiwani.

Kutoka Machrie barabara inashika bahari, ng'ambo ukiona rasi ya Kintyre. Kilima cha maana ni kimoja, pale Imachar, kifupi lakini kikali. Kondoo hulala juu ya lami na hawahami kwa kengele. Punguza mwendo, pita nyuma yao, maana wakishtuka hukimbilia mbele. Pirnmill ni pa kunywea chai. Catacol utaziona nyumba kumi na mbili zimepangana, zinaitwa Mitume Kumi na Wawili, na kila moja ina dirisha la juu la umbo lake.

10. Lochranza, halafu Boguillie.
Lochranza kuna magofu ya ngome ufukweni na kulungu wekundu wanaozurura kijijini kama mbuzi wa jirani. Pumzika walau nusu saa, jaza maji. Kinachofuata ni Boguillie, kilima kinachopanda hadi karibu mita 200 juu ya bahari. Si kikali sana, ni kirefu. Kaa kwenye gia nyepesi kabisa, hesabu nguzo, usitazame juu.

Kisha kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mteremko kwenda Sannox una kona na mashimo, na macho yatavutwa na milima upande wa kulia. Simama kabisa ukitaka kutazama. Bonyeza breki zote mbili kidogo kidogo, za rimu zikilowa huchelewa kushika. Ukifika chini ni ufuko tambarare kupitia Corrie, ambako nguzo za kufungia boti zimetengenezwa kwa umbo la kondoo, hadi Brodick.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kutegemea meli ya mwisho. Panga kuondoka na meli iliyo kabla ya ya mwisho, ili ukichelewa ubaki na moja mkononi.

Kubeba sana. Mtu anakuja na sufuria tatu na viatu vya jioni. Ni kisiwa, hawakutazami miguu.

Kumwonea haya dereva aliye nyuma. Usijibane ukingoni kwenye mashimo kwa ajili yake. Shika nafasi yako, na ukipata mahali papana simama umpishe. Mwongozo wa barabara unamtaka akuachie walau mita moja na nusu anapokupita, na wenyeji wengi hupunga mkono. Na wewe punga.

Kuhesabu kwamba duka litakuwa wazi. Maduka makubwa yako Brodick. Kwingine ni vibanda vya kijiji vinavyofunga mapema, Jumapili zaidi.

Mambo yakiharibika

Pancha. Geuza baiskeli, peleka cheni kwenye meno madogo kabisa kabla ya kutoa gurudumu la nyuma. Toa tairi kwa vile vibao. Kijiko cha chakula, kama tulivyofanya utotoni, kitatoboa tyubu mpya. Kabla ya kuweka tyubu nyingine pitisha vidole polepole ndani ya tairi ukitafuta mwiba au kigae. Watu huruka hapa, na baada ya mita mia wanapata pancha ya pili. Kama tairi lenyewe limepasuka, kunja noti ya pauni tano uiweke kati ya tairi na tyubu. Noti za siku hizi ni za plastiki, itakufikisha Brodick, na bado inanunua chai.

Gia inaruka. Mara nyingi ni waya umelegea. Zungusha kile kifundo kidogo pale waya unapoingia kwenye gia ya nyuma, nusu mzunguko kinyume cha saa, ujaribu tena.

Usubi. Wadudu wadogo kuliko punje ya mchele, hukuandama wingu zima jioni upepo ukitulia. Ukiendesha hawakupati, ukisimama wanakula. Beba dawa ya kupaka na wavu wa kichwa, na usipige hema penye majani mabichi bila upepo.

Kupe. Ukipita nyasini, jikague miguu usiku. Mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja. Siku zozote baadaye ukiona wekundu unaosambaa kama duara, nenda kwa daktari umweleze ulikuwa wapi, maana kupe wa huku hubeba ugonjwa wa Lyme.

Umelowa na unatetemeka. Usiendelee. Ingia popote penye paa, vaa ile sweta kavu, kunywa kitu cha moto, kula. Kutetemeka kukizidi au mwenzako akaanza kuongea ovyo, piga 999.

Meli imefutwa. Hutokea upepo ukizidi, hata Julai. Ndiyo maana usipange safari ya kurudi siku ambayo kesho yake una zamu ya asubuhi. Ipo meli nyingine kutoka Lochranza kwenda Claonaig, kama nusu saa, lakini hiyo inakushusha Kintyre mahali pasipo na treni, na Glasgow bado iko mbali sana. Anayeanza abaki Brodick, apigie simu pale alipolala jana, kisha akanunue mkate kabla duka halijafungwa, kwa sababu kila aliyekwama anaelekea huko huko.